Somo la Nyuma ya Ukuta

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi Sekela alikuwa jikoni, kama siku zote, anakoroga uji wa ulezi kwa mkono wa kulia na kushika simu kwa mkono wa kushoto. Simu ilisema sentensi ya Kiingereza, yeye akairudia. Ikasema nyingine, akairudia. Uji ukishaiva alikuwa anaiweka simu juu ya kopo la sukari, anamimina bakuli la kwanza, analifunika kwa sahani na kumwita mume wake alizungushe upande wa pili kwa baba yake. Ilikuwa hivyo kila asubuhi tangu mwezi wa nne.

"Sanduku langu ni jekundu," ilisema simu.

"Sanduku langu ni jekundu," akasema Sekela.

"Nimelisahau kwenye theluji."

"Nimelisahau kwenye..."

"Hapana!"

Sauti hiyo haikutoka kwenye simu. Ilitoka juu ya ukuta, pale matofali yalipoishia kabla ya kufika kwenye bati. Mwiko ulimponyoka Sekela ukazama ndani ya sufuria. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa, baba mkwe wake hakuwahi kumwelekezea neno.

Wala hakutakiwa. Kwao, kule milimani Ileje, mke hamtazami baba mkwe wake na baba mkwe hamtazami yeye. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawazungumzi, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, lakini Mzee Anyosisye hakuacha. Mwanawe Ambilikile alipomleta Tunduma baada ya kumzika mama yake, alimjengea chumba kilichoegemea jiko, mlango wake ukitazama upande mwingine kabisa, ili mzee na mkwe wake waishi kiwanja kimoja bila kuonana. Mzee alikuwa amestaafu ualimu baada ya kufundisha Kiingereza shule za msingi miaka thelathini na minane.

"Ewe ukuta," sauti ikasema tena, sasa imeshuka, kama ya mtu aliyejishtukia. "Nasema na wewe ukuta, sisemi na mtu. Hebu muulize huyo aliye jikoni, Tunduma hapa theluji imeanguka lini?"

Sekela alijiziba mdomo. Hakujua kama anacheka au anaogopa. Alivuta kanga juu ya kichwa, ingawa hakuna aliyemwona.

"Ukuta," akanong'ona mwishowe, "mwambie aliyeuliza kwamba bado haijaanguka."

"Basi mwambie aizime hiyo simu. Inampotezea asubuhi."

Sekela hakuweza kuizima. Programu ile ilikuwa amri ya ofisi, na ofisi iliukata mshahara wake kuilipia. Ilijiita somo lililoshonwa kwa kipimo chako. Siku ya kwanza ilimuuliza umri wake na kazi yake, ikampa kazi kumi na mbili achague mojawapo, na kati ya hizo haikuwepo kazi ya mwanamke wa miaka thelathini na sita anayetoa mizigo ya watu mpakani. Akabonyeza "ofisini." Tangu siku hiyo ilikuwa inamfundisha kuagiza kahawa, kupotea uwanja wa ndege na kusahau masanduku.

Miaka kumi na minne alikuwa karani wa kampuni ya uwakala wa forodha. Aliongea Kibemba na wafanyabiashara kutoka Nakonde, Kinamwanga na watu wa Momba, Kinyiha na wa Mbozi, Kiswahili na serikali, na Kindali akiwa nyumbani. Hizo ni lugha tano, na kwa bosi mpya aliyeletwa mwezi wa kwanza kutoka Dar es Salaam, zote tano hazikuwa kitu. Wenye mizigo wa Lusaka na Johannesburg, alisema, wanataka Kiingereza. Kila karani atafanyiwa usaili baada ya wiki tano. Atakayeshindwa, mkataba wake hautaongezwa. Ambilikile alikuwa fundi wa tairi za malori kule Mpemba, leo ana kazi, kesho hana. Mkataba huo ndio uliosomesha watoto wao wawili na kununua vidonge vya presha vya mzee.

Ambilikile aliingia kuchukua bakuli akamkuta mke wake ameegemea ukuta, uji unaungua.

"Mama Gwantwa, unaumwa?"

"Baba yako amesema."

"Amesema nini?"

"Amesema na ukuta."

Ambilikile aliutazama ukuta, kisha mke wake, kisha sufuria. "Haya," akasema. "Na ukuta umemjibu?"

 

Mashauriano ya jinsi mzee atakavyomfundisha Sekela yalichukua siku mbili, na Ambilikile ndiye aliyekuwa anaizunguka nyumba kama tarishi.

"Baba anauliza, anayekupigia kelele zaidi kazini ni nani?"

"Mwambie madereva."

"Anasema madereva, baba."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mzee alijibu kutoka ndani. "Basi tutaanza na madereva. Sanduku jekundu tutalisoma siku atakayolinunua. Na aniletee karatasi za kazini kwake, zilizokwisha kutumika."

Sekela alimpa mumewe fomu kuukuu, nakala za hati za mizigo na vibali vilivyokwisha muda. Mzee alizisoma siku nzima akiwa na miwani yake iliyofungwa kwa waya. Siku iliyofuata alivaa koti, akachukua fimbo na kaunta buku, akaenda kwa miguu mpaka kwenye maegesho ya malori. Alisimama pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, anasikiliza madereva wanavyogombana na mawakala, anaandika. Wengine walidhani ni mtu wa kodi wakaanza kufunika mizigo. Dereva mmoja wa Ndola alimwonea huruma akamnunulia chai. Mzee alirudi jioni na kurasa sita.

Somo lilianza kesho yake. Mzee alikaa kwenye kigoda chake upande wake, Sekela akasimama upande wake na mwiko mkononi, na ukuta ukawa katikati.

"Ewe ukuta, mimi sasa ni dereva," mzee alisema, akageukia Kiingereza, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu mwenye miaka thelathini na hasira ya siku nne. "Wewe mwanamke! Niko hapa tangu Jumatatu! Mke wangu anadhani nimekufa!"

Sekela alijikuta anacheka. Fimbo iligonga matofali mara mbili, maana yake amekosea. Alijaribu. Ikagonga tena mara mbili. Akajaribu tena, polepole, akitafuta neno moja moja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. "Kaka, uzito ulioandikwa kwenye hati yako haulingani na uzito wa mzani. Siyo mimi niliyekuzuia. Nipe saa mbili." Fimbo iligonga mara moja.

Wiki ya pili mzee alikuwa ofisa wa forodha mwenye maringo. Wiki ya tatu alikuwa mwenye mzigo wa Lusaka, anaongea kwa simu, anamkatiza kila sentensi. Alimfundisha maneno ya kazi yake yeye, ya meza yake yeye, na kosa alilolifanya jana lilirudi leo likiwa ndani ya swali jingine. Sekela alikuwa anaenda kazini huku midomo inacheza. Usingizini alikuwa anatoa mizigo kwa Kiingereza.

"Sasa hata ndoto zako sizielewi," alisema Ambilikile.

"Ndoto zangu hazijawahi kukuhusu, lala."

Walicheka. Lakini Ambilikile alikuwa na wasiwasi wake. Akaurusha kama utani, akiwa anavaa viatu. "Wakisikia Ileje kwamba mkwe na mkwe wanapiga soga kila asubuhi, tutatozwa ng'ombe."

"Tunaongea na ukuta," alijibu Sekela. "Ukuta hauna ukoo."

 

Bosi mpya aliitwa Bwana Mbonile. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na ushee, kichwa cheupe, koti la kijivu hata jua likiwaka, na alizaliwa Itumba huko huko Ileje, jambo ambalo alilitaja siku ya kwanza na hakulitaja tena. Wiki ya nne aliingia ofisini na kibao. Kilikuwa kibao cha kweli, cha mbao, ukubwa wa daftari, kimechongwa kwa maandishi ya Kiingereza yenye maana ya "Bado ninajifunza." Kila karani atakayesikika anaongea lugha nyingine atawekewa mezani kwake mpaka mwingine akosee.

"Bosi, mimi nina mjukuu," alisema Gibson, karani mzee kuliko wote. "Kibao kama hiki yeye ndiye anavalishwa shuleni."

"Mpe Gibson kibao," alisema Bwana Mbonile.

Jumatano yake aliingia mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara wa vitenge, mteja wa Sekela kwa miaka tisa. Alikuwa analia. Mzigo wake ulikuwa umelowa mvua usiku kucha kwenye lori lisilo na turubai. Akasema kwa Kibemba kama alivyosema siku zote, na Sekela akamshika mkono, akamsalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," na kumwambia akae kwanza. Katika dakika kumi alikuwa amepiga simu tatu, turubai limepatikana, lori limesogezwa chini ya bati la ghala. Mama alifuta machozi.

Bwana Mbonile alitoka chumbani kwake, akachukua kibao mezani kwa Gibson na kukisimamisha mbele ya Sekela, maandishi yakiwatazama wateja.

"Bosi, hicho si Kiswahili," alisema Gibson. "Ni Kibemba."

"Si Kiingereza."

"Lakini na yeye mteja hajui Kiingereza."

"Basi naye ajifunze."

Mama wa vitenge hakujua kusoma kilichoandikwa, lakini alijua aibu anapoiona. Alikitazama kibao, akamtazama Sekela, akashusha macho. Kisha akaondoka haraka bila kuaga, kama mtu aliyemsababishia mwenzake kipigo.

Kibao kilikaa pale siku mbili. Madereva waliokisoma walicheka. Mmoja alimwuliza Sekela kama ameshafika darasa la pili. Sekela aligonga muhuri, akasaini, akasema anayefuata. Jioni alipofika nyumbani alipika maharage, akawaogesha watoto, na alipobaki peke yake jikoni akauegemea ukuta, akalia bila kutoa sauti. Upande wa pili fimbo ilisogea sakafuni, ikatulia.

"Ewe ukuta," mzee alisema. "Mwambie huyo aliye jikoni kwamba kesho tunaanza mapema."

 

Usaili ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Sekela alikuwa wa tatu. Alivaa gauni la bluu la kanisani na hakuogopa, na hilo lenyewe lilimshangaza. Chumbani kulikuwa na Bwana Mbonile nyuma ya meza, na mama mmoja kijana wa makao makuu, aliyekuja kutoka Dar na kompyuta yake. Kiti cha msailiwa kiliwekwa karibu mno na meza. Bwana Mbonile alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, kama wazee wanavyokaa msibani.

"Mwenye mzigo wa Lusaka amepiga simu," alisema kwa Kiingereza. "Salfa yake imezuiliwa siku ya tatu. Ana hasira. Mweleze."

Sekela alilielewa swali lote, mpaka nukta ya mwisho. Jibu lake alikuwa amelitoa mara thelathini kwa ukuta, na fimbo ilikuwa imegonga mara moja. Alifungua mdomo, akainua macho, na macho yake yakakutana na kichwa cheupe, na macho ya mzee wa kiume aliyekuwa anasubiri aongee.

Macho yalishuka. Hakuyaamuru. Shingo nayo ikageuka upande, kwa uzito ule ule ambao ilikuwa inageuka kwa miaka kumi na moja kila alipoona koti la baba mkwe wake uani. Mkono ulipanda kichwani kutafuta kanga ambayo hakuivaa. Maneno yote yalikuwepo, yamepangana. Lakini alikuwa hajawahi kuyasema mbele ya uso wa mtu. Alijifunza kuyasema akiwa mahali ambapo hakuna uso. Basi aligeukia kabati la mafaili lililokuwa kushotoni kwake, na kwa sauti ndogo akaanza kulieleza kabati habari za salfa.

"Anaongea na nani?" aliuliza mama wa Dar, na kicheko kikamtoka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha mtu aliyeshangaa. Lakini Sekela alinyamaza.

"Nitazame unapojibu," alisema Bwana Mbonile.

Sekela alijaribu. Kila alipoinua kidevu kilirudi chini, na kila kilipokuwa chini sauti nayo ilikwama. Saa ya ukutani ilihesabu dakika tatu. Bwana Mbonile alimtazama kwa muda, kwanza kanga isiyokuwepo, kisha shingo iliyopinda, kisha viganja vilivyofumbatana. Kitu kilipita usoni kwake, kikapita haraka. Akaandika mstari mmoja kwenye karatasi.

"Asante," alisema. "Mwite anayefuata."

Saa kumi alasiri alipewa barua. Mkataba wake ungeisha mwisho wa mwezi kwa sababu hana uwezo wa kuwasiliana. Katika wiki tatu zilizobaki atamkabidhi meza yake binti aitwaye Rozi, aliyemaliza chuo mwaka jana, na atamfundisha kazi yote. Sentensi ya mwisho ilisema maelekezo hayo yatolewe kwa Kiswahili, ili yaeleweke haraka.

Sekela aliisoma sentensi hiyo mara nne.

 

Jua lilikuwa bado lipo alipofika nyumbani. Ambilikile alikuwa uani ananawa grisi. Aliisoma barua mikono ikichuruzika maji, na karatasi ikalowa.

"Uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Wiki tano nzima! Kila asubuhi nasikia unaongea humo kama redio. Kilichokufunga mdomo ni nini?"

"Alikuwa mzee. Kichwa cheupe. Shingo yangu ikageuka."

Ambilikile alielewa mara moja, na kwa kuwa alielewa akakasirika zaidi. "Nilijua! Mtu gani anajifunza kuongea kwa kutazama matofali? Si ungetafuta mwalimu wa kweli, ukakaa naye mezani kama watu?"

"Ungemlipa wewe? Na ulisema lini? Ulicheka tu, ukasema tutatozwa ng'ombe."

"Ulitaka niseme nini? Nimwambie baba yangu aache mila yake?"

"Ndiyo!"

Neno hilo lilitoka kwa sauti ambayo Sekela mwenyewe hakuijua. Kuku walitawanyika. Ambilikile alitazama chumba cha baba yake kisha akashusha sauti. "Atasikia."

"Asikie. Miaka yote hii unabeba bakuli kutoka kwangu kwenda kwake, kutoka kwake kuja kwangu. Hujawahi kuchoka kwa sababu aibu haikuwa yako. Ukitaka kumwona baba yako unamwona. Mimi nimejifunza kupinda shingo kwa kila mzee mwenye koti mpaka leo nimepindia mtu anayenifukuza kazi!"

Fimbo iligonga ukuta, mara moja, taratibu. "Ewe ukuta," sauti ya mzee ilisema. "Mwambie mkwe wangu kwamba kosa ni la mwalimu..."

"Leo siongei na ukuta," alisema Sekela.

Alizunguka nyumba. Ambilikile alinyoosha mkono kumzuia, ukabaki hewani. Sekela alipita choo, akapita kamba ya nguo, akafika upande ambao hakuwahi kuukanyaga tangu mzee ahamie, na akasimama mlangoni. Mzee Anyosisye alikuwa ameketi kwenye kigoda, kaunta buku mapajani. Alipoona gauni la bluu aligeuza uso ukutani haraka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mkwe, nihurumie. Usinifanye nivunje mila ya marehemu baba yangu."

"Baba, nimepoteza kazi kwa ajili ya mila ya marehemu baba yako."

Mabega membamba ya mzee yalipanda na kushuka. Sekela hakuondoka. Walibaki hivyo mpaka Ambilikile aliyewafuata akachuchumaa chini, kichwa mikononi, kama mtoto wa watu wawili wanaogombana. Kisha mzee alishika fimbo, akasukuma kigoda, akageuka polepole na kumtazama mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza.

Alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una kovu kidevuni," alisema.

"Nilianguka kisimani, baba. Nikiwa mdogo."

"Keti. Ambi, mletee mkeo kiti, usikae hapo kama mchawi aliyekamatwa." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyo aliyekusaili ni nani?"

"Anaitwa Bwana Mbonile. Wa Itumba."

Mkono wa mzee ulisimama. "Mbonile wa chini ya shule? Nilifundisha Itumba miaka sita, nyumba yao nilikuwa naiona dirishani. Mama yake akimwona mkwewe anakuja alikuwa anatua ndoo na kujibanza kwenye migomba. Na aliyekuwa anatumwa kumwambia babu apite ni huyo Mbonile, akiwa bado mtoto. Kila siku, yeye ndiye aliyekuwa katikati yao."

Uso wa Sekela ulikuwa umebadilika.

"Basi alijua," alisema.

"Alijua tangu ulipogeuza shingo," alisema mzee. "Sasa nitazame, tuanze. Mimi ni yeye."

Jumamosi walikaa ana kwa ana tangu chai mpaka kuku walipoingia bandani, na Jumapili baada ya ibada wakakaa tena. Mara ya kwanza Sekela alidumu sekunde mbili, akainama. Mzee naye aliinama. Iliwachukua asubuhi nzima kufika sentensi moja kamili, na jirani aliyechungulia juu ya uzio alisimulia mtaani kwamba kwa Ambilikile kuna mzee na mkwe wake wanatazamana na kulia kwa Kiingereza.

 

Jumatatu saa mbili asubuhi Sekela aligonga mlango wa Bwana Mbonile, akaingia. Mama wa Dar alikuwa pale, anafunga waya za kompyuta yake ili asafiri. Rozi alikuwa amesimama karibu na kabati na daftari jipya, ana aibu, anatabasamu nusu. Mlango ulibaki wazi, na kule nje Gibson aliacha kugonga muhuri.

"Karibu Sekela," alisema Bwana Mbonile kwa ukarimu. "Ongea tu Kiswahili. Mambo ya usaili yamekwisha."

Sekela hakuketi. Alisimama mbele ya meza, akainua kidevu, akamtazama machoni, na akaanza kuongea Kiingereza.

Alisema kwamba salfa ya mteja wa Lusaka ilizuiliwa kwa sababu kibali cha kemikali kiliisha muda siku moja kabla ya lori kufika mpakani. Alisema kosa ni la msafirishaji, si la mteja. Alieleza ombi la kuongeza muda linaandikiwa nani, linachukua saa ngapi, na kwamba yeye angempigia mteja kabla mteja hajapiga, kwa kuwa mtu aliyeambiwa mapema hupiga kelele nusu. Kiingereza chake kilikuwa na Kindali ndani yake, kilipanda na kushuka kama vilima vya kwao, lakini hakuna sentensi iliyokatika. Mama wa Dar aliacha waya zake. Akaketi.

"Hilo ndilo jibu la swali lako la Ijumaa," Sekela alimalizia.

Bwana Mbonile alikohoa. Alimtupia jicho mama wa Dar, kisha akafungua mikono kama mtu anayesikitika. "Vizuri sana. Vizuri. Lakini mama, mbona Ijumaa hukusema hivyo? Sisi tungejuaje?"

"Wewe ulijua."

"Mimi?"

"Wewe ni mtoto wa Itumba," alisema Sekela, na sasa alikuwa amerudi kwenye Kiswahili, wala hakushusha sauti, na kule nje ofisi nzima ilikuwa imenyamaza. "Mama yako alikuwa anatua ndoo na kuingia kwenye migomba akimwona babu yako, na wewe ndiye uliyekuwa unatumwa kumwambia apite. Uliiona shingo yangu. Uliuona mkono wangu unatafuta kanga. Hakuna mtu katika ofisi hii aliyejua vizuri kuliko wewe kwamba nilikuwa nakuheshimu kama baba mkwe wangu. Ukachukua heshima yangu ukaiandika kuwa ni ujinga."

"Sekela, chunga..."

"Bado sijamaliza. Rozi nitamfundisha, hana kosa. Nitamfundisha kwa lugha yoyote anayotaka. Nibakishe au nifukuze, karatasi ni yako." Alivuta pumzi, na macho yake hayakutikisika. "Lakini leo nakutazama hivi, Bwana Mbonile, kwa sababu wewe sikuheshimu tena."